Begi Alilofunga Dada

Kila mteja aliyeketi mbele ya Bi Safari aliondoka na tiketi na wosia. Tiketi alilipia, wosia alipewa bure, atake asitake.

"Viatu vizito vivaeni, msivipakie," aliwaambia maharusi waliokuja asubuhi hiyo kuchukua karatasi zao za fungate. "Soksi zikae ndani ya viatu vingine. Nguo msizikunje, ziviringisheni. Dawa, miwani na nguo moja ya kubadili viwe kwenye mkoba wa mkononi, maana begi kubwa linaweza kwenda kwao na nyinyi mkaenda kwenu. Chenye makali kisiingie kwenye mkoba huo, mtanyang'anywa. Na mzigo wa mtu msibebe, hata akiwa mjomba, hata akiwaapia."

Bwana harusi alikuwa akiandika kwenye simu kama mwanafunzi. Bibi harusi akauliza kwa adabu kama yeye mwenyewe alipapenda huko walikokuwa wakienda.

"Pazuri sana," alisema Bi Safari, akaanza kupanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangika.

Hajawahi kufika. Hajawahi kufika popote, na ndege alizijua kwa ratiba zake tu. Hilo jina la Bi Safari alipewa na meneja wa ofisi kwa utani, kama vile mtu mfupi anavyoitwa Mrefu, nalo likamganda hata wateja wakadhani ndilo alilozaliwa nalo. Kinyozi hajinyoi, walisema wenzake, naye alicheka nao kwa sababu kununa kungewapa la kusema zaidi. Kila mwaka ofisi ilimpa mfanyakazi tiketi moja ya bei ya chini, na kila mwaka tiketi yake ilipitwa na muda ikiwa mezani. Ukutani mbele yake palikuwa na picha ya mji mdogo chini ya mlima wenye theluji, na treni nyekundu ikipanda kuelekea kileleni. Alikuwa ameitazama picha hiyo miaka mingi hata hoteli ameshaichagua, ile ya tatu kutoka kituoni, na roshani ameshaichagua, na sweta atakalovaa akiwa kwenye roshani hiyo analo nyumbani, halijatolewa kwenye mfuko wake.

Kilichomzuia si siri. Mama yao alipigwa na kiharusi, kikamchukua upande wa kulia na nusu ya maneno yake. Tangu hapo alikuwa mtu wa kugeuzwa kitandani, kuoshwa, kulishwa kwa kijiko kidogo na kusubiriwa ameze. Kidole kimoja hakivunji chawa, na kwa bahati Bi Safari hakuwa peke yake. Alikuwa na mdogo wake, fundi wa nguo za kike, ambaye dunia nzima ilimwita Mashoto kwa sababu alikata, alishona na kula kwa mkono wa kushoto. Mashoto aliweka cherehani yake kwenye chumba cha mbele, mlango wa chumba cha Mama ukiwa wazi nyuma yake, akashona mchana kutwa sikio moja likiwa kwenye kitambaa na jingine kitandani. Bi Safari alimwosha Mama alfajiri kabla ya kwenda kazini, na jioni alipokea zamu. Ilikuwa nyumba ya watu wawili waliochoka ambao hawakuwahi kugombana juu ya nani amechoka zaidi.

Ni Bi Safari aliyetoa wazo la likizo. Alimwona mdogo wake amelala juu ya cherehani, shavu likiwa limechorwa na alama za uzi, akamhurumia. Wakakubaliana wasafiri kwa zamu. Mashoto angeanza, kwa wiki mbili, kwa ile tiketi ya ofisini. Alikuwa na mahali pa kufikia, kwani mteja wake wa zamani, mwanamke mmoja mchangamfu waliyemwita Mama Magauni, alihamia ng'ambo akafungua duka la nguo za harusi, na kila mara alimwandikia Mashoto aje atembee. Mwaka unaofuata angekwenda Bi Safari kwenye theluji yake. Mchana Mama angekaa na jirani yao, mwanamke mwenye mikono mikubwa na moyo mzuri, ambaye Mashoto alimfundisha kazi ile kwa wiki kadhaa kwa uvumilivu uliomshangaza dada yake.

Sasa, katika nyumba hiyo begi lilikuwa na sheria zake. Baba yao alikuwa utingo wa malori ya masafa marefu, na maisha yake yote yalilazimika kuenea kwenye begi moja dogo lililokaa miguuni mwake. Alimfundisha binti yake mkubwa kufunga, na binti akamzidi mwalimu. Tangu akiwa na sare za shule, hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyesafiri na begi ambalo Dada hakulifunga. Msafiri alitandaza vitu vyake kitandani, kisha alitoka chumbani, kwa kuwa mfungaji hakupenda kutazamwa. Dada alikuwa na haki ya kupunguza. Alichokikataa alikiweka kwenye kiti karibu na mlango, ukakione mwenyewe, na rufaa haikuwepo. Likishafungwa, begi halikufunguliwa mpaka lifike. Baba aliwahi kulifungua njiani kutafuta kitana, likagoma kufungika tena, akafika alikokuwa anakwenda amevaa mashati matatu na suruali mbili, watu wakadhani ana homa. Baba alishafariki, lakini sheria zilibaki, na Mashoto hakuwahi kuivunja hata moja.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, Mashoto alitandaza vitu vyake kitandani akaenda kumwosha Mama. Bi Safari akaingia, akafunga mlango, akakunja mikono ya blauzi. Kazi hii aliipenda. Aliviringisha magauni, akajaza soksi kwenye viatu, akaipitisha kanga pembeni ili kuzuia chupa ya mafuta isigongwe. Katikati ya kitanda, juu ya nguo zote, palikuwa na taulo iliyoviringishwa. Aliinyanyua na mkono ukashuka kwa uzito.

Ndani ya taulo mlikuwa na mkasi wa kukatia wa Mashoto. Si mkasi wa kukatia uzi. Ulikuwa ule mkubwa wa chuma, wenye vipini vyeusi vilivyopinda kufuata mkono wa kushoto, aliopewa na fundi aliyemfundisha, naye mashoto vilevile, siku alipohitimu. Mkasi wa kawaida ukishikwa kwa mkono wa kushoto hautaki kazi. Makali yanaachana na kitambaa kinajikunja katikati yake. Mji mzima hapakuwa na mwingine kama huo. Pembeni yake palikuwa na futi ya kupimia, chaki na kikopo cha miguu ya cherehani, vile vyuma vidogo vya kukandamizia kitambaa.

Bi Safari akakaa kitandani. Amefungia watu wa fungate, watu wa msiba, watu wa masomo na watu wa biashara, na alijua kusoma begi jinsi daktari anavyosoma ulimi. Hakuna mtu anayekwenda kupumzika wiki mbili na mkasi wa kazi. Anayebeba zana zake anakwenda kufanya kazi, na anayekwenda kufanya kazi harudi wiki mbili zikiisha. Mama Magauni hakuwa amemwalika mgeni. Alikuwa amemwajiri fundi.

Kwanza aliogopa. Alijiona akiingia kwa meneja kuaga kazi. Akajiona kwenye kile chumba cha mbele, cherehani imeondoka, yeye na Mama wakitazamana mwaka baada ya mwaka mpaka mmoja wao amtangulie mwenzake. Kisha hasira ikaja, nayo ilikuwa tamu kuliko hofu, akaikumbatia. Hata kuuficha vizuri ameshindwa, alijiambia. Ameuacha juu kabisa, katikati ya kitanda, kana kwamba mimi ni kipofu au mjinga.

Alijua vizuri kwamba Mashoto alistahili kwenda. Tuseme ukweli, hakuna aliyestahili zaidi. Aliyajua magauni ambayo mdogo wake aliyashona usiku na mchana kwa wanawake waliokwenda kuyavaa mahali pengine, aliujua mgongo wake unavyouma, alijua kwamba chumba kile cha mbele kilikuwa kidogo kwa mikono ile. Aliyajua yote hayo, na bado alisimama, akauzungushia mkasi kitambaa, akautia kwenye kabati lake chini ya blanketi. Futi, chaki na kile kikopo akavifunga begini, kwani bila mkasi havikuwa na maana. Pengo lililobaki akalijaza kwa sweta lake mwenyewe, lile jipya la theluji. Akakaa juu ya begi, akavuta zipu mpaka mwisho. Kwenye kiti karibu na mlango hakuweka kitu.

Mashoto alipoingia, mikono ikiwa bado na maji, hakulitazama begi kwanza. Alikitazama kiti. Akakitazama kwa muda, kisha akamgeukia dada yake.

"Hujapunguza kitu?"

"Begi limetosha," alisema Bi Safari.

"Vitu vyote umeviona, Dada?"

"Nimeviona. Kwani mimi sina macho?"

Mashoto akaja akamkumbatia, akaanza kulia begani kwake, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. "Ahsante, Dada," alisema. "Ahsante. Mungu akulipe."

"Kwa begi tu?"

"Kwa begi tu."

Bi Safari alimpigapiga mgongoni kwa mkono uliokuwa bado unanuka mafuta ya mkasi. Analia kwa sababu ananidanganya, aliwaza. Mwache alie.

Asubuhi Mashoto alipiga magoti kando ya kitanda cha Mama, akaushika mkono wake mzima, akakaa hapo mpaka dereva wa teksi akapiga honi mara ya pili. Mama alimtazama kwa jicho lililokuwa bado na nguvu, likitiririka machozi, lakini jicho hilo lilitiririka siku zote. Mlangoni Bi Safari alisema neno lake la kawaida, kwamba begi lisifunguliwe njiani.

"Kwani niliwahi?" Mashoto akasema, akacheka, akaingia garini.

Ujumbe ulikuja kesho yake: Nimefika salama. Baada ya hapo, kimya.

Bi Safari alikuwa amejiandaa kwa ugomvi. Alikuwa na majibu, tena mengi, mengine ya uongo na mengine ya ukali. Angesema alidhani uwanjani wangemnyang'anya. Angesema umesahaulika. Angesema, wewe ulikuwa unakwenda likizo, mkasi wa nini, sema sasa nikusikie. Lakini simu haikulia, na majibu yote yakakosa wa kuambiwa. Kazini alianza kukosea. Alimkatia mzee mmoja tiketi ya mji ambao hakuuomba, na meneja akamtania kwamba huenda Bi Safari anapanga safari za siri. Hakucheka. Nyumbani, Mama alikuwa akigeuza uso kuelekea mlango wazi, ambako cherehani ilikuwa imefunikwa shuka, akijaribu jina la binti yake mdogo, akifika nusu na kuchoka.

Jambo jingine lilimsumbua. Wanawake walikuja kuchukua nguo zao, na kila aliyekuja aliikuta nguo yake imekamilika, imepigwa pasi, imetundikwa. Mashoto, ambaye tangu aanze ushonaji hakuwahi kumaliza gauni kabla mwenyewe hajaja kufoka mara mbili, hakuacha hata kifungo kimoja cha kushona.

Jioni moja, jirani alipokuwa akivaa viatu kurudi kwake, alisimama mlangoni.

"Nilitaka tuelewane, mama," alisema. "Mimi mwezi ujao niko tayari. Nimeshazungumza na mume wangu, hana neno."

"Tayari kwa nini?"

"Kuendelea na mgonjwa. Mashoto alisema akishaanza kazi huko atakuwa ananitumia chochote kila mwezi, nije asubuhi mpaka wewe urudi kutoka kazini. Na jumapili pia, ili wewe upumzike. Alisema na mwakani nitalala hapahapa wakati umekwenda kwenye barafu yako." Jirani akamtazama usoni. "Kwani hakukuambia? Mbona alisema atakuambia mwenyewe kabla hajaondoka."

"Ameniambia," alisema Bi Safari. "Nilisahau tu."

Alipobaki peke yake alikaa kwenye stuli ya cherehani. Aibu ilimpanda polepole. Mdogo wake hakuwa amemtoroka. Alikuwa amepanga kila kitu, jirani, jumapili, hata theluji, wakati yeye Bi Safari anaficha chuma kabatini. Alichukua simu akaandika sentensi, akaifuta, akaandika nyingine. Angesema nini? Nimeuona mkasi nikauiba? Afadhali aupeleke kwanza, kisha aombe radhi mkasi ukiwa mkononi mwa mwenyewe. Ndivyo tulivyo, tunataka kutengeneza kabla ya kukiri, ili kukiri kusiume.

Kesho yake aliondoka na mkasi kwenye pochi lake. Na bahati ikamletea mwalimu mstaafu aliyekuwa anasafiri siku ileile kwenda mji uleule kumtembelea mwanawe. Bi Safari alimpa tiketi. Akampa wosia wote, viatu, soksi, dawa, mpaka ulimi ukakauka. Kisha akainama mezani, akapunguza sauti.

"Mwalimu, nina ombi. Nina kifurushi kidogo. Ni mkasi tu wa mdogo wangu, ni fundi huko. Ukinibebea kwenye begi kubwa, atakuja kuupokea."

Mzee alivua miwani. Alikuwa mtu mpole na jambo hilo lilimwuma.

"Bi Safari, binti yangu," alisema, "mwaka juzi nilitaka kumbebea shemeji yangu kopo la asali, ukanikataza hapa hapa. Ulisema mzigo wa mtu tusibebe hata akituapia. Shemeji yangu hatusalimiani mpaka leo. Leo nibebe mkasi?"

Mwenzake wa meza ya pili alijifanya anakohoa. Bi Safari alisema samahani, mwalimu ana haki, akamsindikiza mpaka mlangoni, uso ukimwaka. Basi wakati wa chakula cha mchana angekwenda kwenye ofisi ya vifurushi, aulipie kwa bei yoyote ile. Alirudi mezani, akafungua kompyuta kupunguza kazi kabla ya saa ya kutoka.

Ombi la kwanza kwenye foleni lilikuwa la kubadilisha tarehe. Abiria anataka kurudi mapema, kesho, kiti chochote kitakachopatikana. Bi Safari alisoma nambari ya tiketi, akalisoma jina rasmi la abiria, jina ambalo nyumbani halikuitwa na mtu, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba ni la Mashoto.

Nitawaambia alivyohisi, ingawa mwenyewe asingependa mjue. Alifurahi. Kwa muda wa pumzi moja alifurahi kama mtoto: anarudi, sitabaki peke yangu. Furaha hiyo ilipopita aliiona ilivyo, akatamani kujipiga kofi. Alibonyeza kukubali ombi, kwa sababu ilikuwa kazi yake na kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kulibonyeza. Ofisi ya vifurushi hakwenda.

Mashoto aliingia nyumbani siku mbili baadaye, alasiri, akivuta begi. Alikuwa amekonda kidogo, au labda ni nguo za safari. Alimsalimu dada yake shikamoo kama kawaida, akaenda moja kwa moja kwa Mama, akamlalia kifuani. Mama akatoa sauti ambayo hawakuisikia tangu augue, ikafanana na kicheko. Bi Safari alisimama kwenye chumba cha mbele akiisikiliza. Alitoa mkasi kwenye pochi, akauweka juu ya cherehani iliyofunikwa.

Mashoto alitoka, akauona, akakaa kwenye stuli. Hakuugusa.

"Nilitazama kiti, Dada," alisema.

Bi Safari akaushika ukingo wa ile shuka, akaunyoosha.

"Niliuweka mkasi juu kabisa ili uuone. Nilijaribu kukuambia kwa mdomo nikashindwa. Nilijua nikikuambia utasema nenda, mdogo wangu, huku umenigeuzia mgongo unalia, nami nisingeweza kwenda hivyo. Nikasema nitamwachia Dada afunge. Ana haki ya kukataa. Akikataa, nitaukuta kwenye kiti, nitauchukua nirudi kwenye cherehani yangu, na neno hilo halitazungumzwa tena humu ndani. Nisingekuwa na kinyongo, wallahi. Nilikuwa nimejiandaa kuukuta kwenye kiti kuliko nilivyojiandaa kwenda." Aligeuka akamtazama dada yake. "Nikaingia, kiti kitupu. Nikakuuliza. Ukasema umeviona vyote. Unakumbuka nilivyolia?"

"Nakumbuka."

"Nililia kwa sababu nilidhani umeniruhusu."

Bi Safari alikaa chini, sakafuni, hakutafuta kiti.

"Nilifungua begi mbele ya Mama Magauni," Mashoto aliendelea. "Ameshaniwekea meza yangu, karibu na dirisha. Natoa futi, natoa chaki, natoa miguu ya cherehani, natafuta mkasi. Nikalitoa na lile sweta lako, nikalikung'uta. Akanipa mkasi wake. Siku ya kwanza nikakata kwa mkono wa kushoto, kitambaa kikajikunja. Siku ya pili nikajaribu mkono wa kulia kama wanavyotaka watu, nikaharibu hariri ya bibi harusi wa watu. Hakunifokea. Angenifokea ingekuwa nafuu."

"Ungenipigia, ningeutuma. Wallahi ningeutuma."

"Ningekupigia nikwambie nini? Mkasi ungeweza kuja kwa posta. Ruhusa je?"

Kutoka chumbani Mama alianza kuita, ile nusu ya jina, safari hii akafika mbele zaidi kidogo. Wote wawili waligeuka.

"Jirani ameniambia yote," alisema Bi Safari haraka, kana kwamba mlango unataka kufungwa. "Rudi. Nitakutafutia tiketi nyingine, meneja nitamwomba mwenyewe. Nenda, mdogo wangu. Nakuruhusu. Nakuruhusu kwa mdomo wangu."

"Nafasi ameshampa mwingine. Harusi hazisubiri."

"Basi nisamehe."

"Nimekusamehe tangu kwenye ndege," alisema Mashoto, na ilionekana wazi kwamba alisema kweli. "Wewe ni dada yangu, nitakupeleka wapi? Na mwakani utakwenda kwenye theluji yako kama tulivyokubaliana. Mimi nitakaa na Mama."

"Siendi popote."

"Utakwenda. Zamu ni zamu." Aliinuka, akalishika begi kwa mkono wa kushoto, akaanza kulivuta kuelekea chumbani kwao. Bi Safari naye akainuka, kwa mazoea, akanyoosha mkono kulipokea, kwa sababu ndiye aliyelifunga na ndiye aliyekuwa akiyafungua mabegi siku zote mtu akirudi. Mashoto akalisogeza begi upande wa pili, taratibu, bila hasira yoyote, jinsi mtu anavyompisha mgeni njiani.

"Acha, Dada," alisema. "Siku hizi nitafungua mwenyewe. Na kufunga, nitajifunza."